Gauni Jipya, Baba Yuleyule: Mavazi na Sura ya Jamii katika Vichekesho vya Zamani vya Ugiriki

Mwaka 1957 kampuni ya Finos Film ya Athens ilitoa kichekesho kiitwacho I theia apo to Sikago, kilichoandikwa na kuongozwa na Alekos Sakellarios. Kigiriki kina neno moja, theia, kwa dada wa baba na kwa dada wa mama pia. Mwanamke wa filamu hii ni dada wa baba, kwa hiyo Kiswahili kinamtaja kwa usahihi kuliko Kigiriki chenyewe: Shangazi kutoka Chicago. Na sisi tunaujua uzito wa shangazi. Ndiye mtu pekee anayeweza kumkaripia baba mbele ya wanawe na baba akanyamaza. Magazeti yetu hayakuziita safu za ushauri wa mapenzi kwa jina lake bure.

Kisa ni chepesi. Harilaos Bardas, afisa mstaafu wa jeshi, anaiendesha nyumba yake kama kambi. Ana mke mpole na mabinti wanne ambao hakuna aliyeolewa, na wote wamebanwa ndani kwa jina la heshima. Dada yake Kalliopi anarudi kutoka Marekani baada ya miaka mingi. Kigiriki chake kimeingiwa na vineno vya Kiingereza, na mkobani ana dola. Anaitazama nyumba, anawatazama wasichana, kisha anauliza ambalo hakuna aliyethubutu kuliuliza: ataolewaje mtu asiyeonekana? Basi samani nzito za zamani zinatoka, za kisasa zinaingia. Nguo za wasichana zinabadilika, nywele zinabadilika. Wanatolewa kwenye roshani, na mtungi unadondoshwa barabarani karibu na kijana anayefaa, ili apate sababu ya kuinua macho, na baadaye ya kupanda ngazi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hii si filamu ya mitindo ya mavazi kwa maana ya jukwaa na wanamitindo. Zipo za namna hiyo, nami nitafika huko. Nimeanza na Kalliopi kwa sababu kwake hakuna kinachosogea bila nguo. Ukiyatoa magauni mapya kwenye kisa, Harilaos anabaki mshindi.

Wataalamu wa filamu wana neno wanalolitumia hapa, uwakilishi wa kijamii, na neno hilo linatisha bure. Tazama Sakellarios alichofanya. Athens ya mwaka 1957 ilikuwa na kina baba wa kila aina: makondakta wa basi, wauza mboga, walimu, wakimbizi waliotoka Asia Ndogo mwaka 1922. Yeye akamchagua afisa mstaafu. Kulikuwa na njia nyingi za kuwatoa mabinti wanne katika nyumba ile: shule, kazi, kuhamia nchi nyingine. Yeye akachagua nguo, samani na roshani. Angeweza kumaliza kwa binti mmoja kukataa kuolewa. Hakumaliza hivyo. Machaguo hayo ndiyo uwakilishi: nani ameingizwa kwenye picha, kwa sura gani, ni nani anachekwa, na mwisho gani unaitwa mwema. Mtazamaji hukaa akicheka, na wakati anacheka anapokea orodha nzima ya mambo ambayo filamu inayachukulia kuwa ya kawaida.

Ili tuione hofu iliyo ndani ya nyumba ile, lazima kwanza tuigeuze mahari juu chini. Kwetu upande wa mume ndio unaotoa. Ugiriki ya wakati ule upande wa mke ndio uliotoa, na mali hiyo iliitwa proika: nyumba, kiwanja, fedha taslimu, pamoja na mashuka na vitambaa vya mezani ambavyo binti alividarizi tangu utoto wake. Mabinti wanne ni proika nne. Baba anayeishi kwa pensheni hana uwezo wa kutoa hata moja inayoeleweka. Mzigo huo ulimwelemea kaka pia. Miaka mitatu kabla ya Kalliopi, mwaka 1954, Sakellarios huyohuyo alitengeneza Despoinis eton 39, yaani Bi wa miaka 39, juu ya kaka ambaye hawezi kuoa mpaka dada yake aolewe kwanza. Watu walicheka sana, na wengi kati ya waliocheka walikuwa na dada nyumbani.

Sasa linganisha na anachofanya Kalliopi. Hatoi proika nne. Ananunua nguo. Kwa fedha ambayo isingetosha nyumba moja, anawavisha wasichana wote na kubadilisha sebule. Mwanamke huyu ameelewa jambo la uchumi ambalo kaka yake, kwa nidhamu yake yote, hakuliona: soko la ndoa limehama. Kijijini ndoa ilipitia kwa mshenga, ambaye aliijua mizeituni ya kila familia na idadi ya mbuzi wao. Mjini mshenga hamjui mtu. Mjini kuna barabara, kituo cha basi, ofisi, duka, na macho ya watu wasiofahamiana. Katika mazingira hayo gauni linafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na shamba. Linamweleza binti kwa mtu asiyejua ukoo wake.

Na mji wenyewe ulikuwa ukifura. Sensa ya mwaka 1951 ilihesabu watu wapatao milioni 1.4 katika Athens na vitongoji vyake. Ya mwaka 1971 ilihesabu zaidi ya milioni 2.5. Walitoka kwenye vijiji vilivyochomwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949, walitoka visiwani, walitoka popote pasipo na kazi. Nyumba za ua na bustani zilibomolewa, na mahali pake yakasimama majengo ya ghorofa kwa utaratibu uitwao antiparochi: mwenye kiwanja anampa mjenzi ardhi, mjenzi anamlipa kwa vyumba ndani ya jengo jipya, bila fedha kupita mikononi. Utaratibu huu ndio ulioijaza Athens roshani. Mtungi wa Kalliopi hauanguki kutoka kwenye jukwaa la kubuni. Unaanguka kutoka mahali ambapo maelfu ya familia zilikuwa zikijifunza kuishi zikitazamwa kutoka upande wa pili wa barabara.

Kwa nini shangazi atoke Chicago na si Paris au Milano? Wagiriki walihamia Marekani kwa wingi tangu mwisho wa karne ya 19 mpaka mwaka 1924, ambapo sheria mpya ya uhamiaji ya Marekani iliwabana karibu kabisa. Chicago ilikuwa na mtaa mkubwa wa Kigiriki kando ya barabara ya Halsted. Kwa hiyo familia nyingi zilikuwa na jamaa huko, anayejulikana kwa picha moja na barua za sikukuu. Kisha kuna siasa. Tangu mwaka 1947 Marekani ndiyo iliyoibeba serikali ya Ugiriki kwa fedha na silaha, kwanza katika vita, halafu katika ujenzi mpya. Mwaka 1953 drakma ilishushwa thamani kwa nusu dhidi ya dola. Mtu aliyerudi na dola baada ya hapo alikuwa tajiri maradufu kwa kushuka melini tu. Kalliopi ni jamaa na ni msaada wa nje kwa wakati mmoja, na filamu inaupokea msaada huo kwa mikono miwili. Analeta pesa, analeta vitu, analeta ushauri usioombwa, na kila mtu anaishia kumshukuru. Naamini kabisa kwamba kama angekuwa mgeni asiye wa damu, watazamaji wa 1957 wangemkasirikia. Kwa kuwa ni shangazi, usasa wa Marekani umeingia nyumbani ukiwa na jina la ukoo.

Mwigizaji wake alikuwa Georgia Vasileiadou, aliyezaliwa mwaka 1897. Alikuwa na miaka sitini hivi, mwembamba, mwenye pua ndefu na sauti isiyosahaulika. Sinema ya Ugiriki ilimtumia kama mwanamke asiye mrembo. Mwaka 1954 walimpa filamu iitwayo Mrembo wa Athens, na mzaha wote ulikuwa kwenye hicho kichwa. Ni mzaha mkali, nami siupendi. Lakini angalia matokeo yake. Wanawake wazuri wa vichekesho vile hutazamwa, hupendwa, hufuatwa, huolewa. Vasileiadou hutenda. Yeye ndiye anayetoa pesa, anayepanga hila, anayemfokea afisa wa jeshi na kushinda. Nguo anazochagua ni za wengine. Kwa kuwa kamera haimhesabu katika soko, amebaki mtu pekee anayeliona soko lote, na hakuna mwanamke mwenye nguvu kumzidi katika filamu ile.

Naye afisa? Hapa ndipo kichekesho kinapokuwa jasiri na mwoga kwa pamoja. Ugiriki ya miaka ya 1950 iliongozwa na washindi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Jeshi lilikuwa na heshima ambayo haikuguswa hadharani. Mtu aliyetaka kazi serikalini alihitaji cheti cha polisi kuthibitisha kwamba fikra zake za kijamii ni safi, maana yake hana ukomunisti ndani yake wala katika jamaa zake. Maelfu walikuwa wamepitia kambi ya kisiwa cha Makronisos. Filamu zilikaguliwa kwa utaratibu uliobaki kutoka miaka ya Ujerumani kuikalia nchi. Katika hali hiyo, kumwonyesha afisa akigeuzwa kichekesho na dada yake si jambo dogo. Lakini ni afisa mstaafu, na yuko sebuleni kwake. Kambini hatupelekwi. Amri zake zinachekesha kwa sababu anaziamrisha kwa wasichana na viti. Vijana kwenye ukumbi walioujua ukali wa amri halisi walipewa nafasi ya kucheka, ila kwa sharti kwamba kicheko kibaki ndani ya familia.

Mwishoni Harilaos hapinduliwi. Analainika tu. Mabinti wanaolewa, na ndiye baba wa bibi harusi. Hilo ndilo fundo ambalo wengi hulipita wanapoisifu filamu hii kuwa ni ya ukombozi wa wanawake, na wengine hulipita kinyume chake wanapoilaumu kuwa ni ya kizamani. Filamu imefanya biashara. Imekubali nguo mpya, nywele fupi, sebule ya kisasa, roshani, macho ya wavulana. Nayo imedai kitu kimoja tu kama malipo: kwamba vyote hivyo viwe njia ya kufika kwenye ndoa. Kila upande ulipata kitu. Binti aliyekuwa ukumbini alitoka na gauni la kulitamani, baba yake akatoka na hakika kwamba gauni hilo haliharibu nyumba.

Wanawake wa Ugiriki walipata haki kamili ya kupiga kura mwaka 1952, miaka mitano tu kabla ya filamu hii. Wakati huohuo sheria ya madai iliendelea kumtaja mume kuwa kichwa cha familia. Kwa hiyo mchanganyiko tunaouona kwa Kalliopi, mwanamke aliyefunguliwa nusu, haukuzuliwa na Sakellarios. Ulikuwa kwenye vitabu vya sheria.

Nguo za wanaume katika vichekesho hivi zina kazi nyingine kabisa, na inafaa kuzitazama kidogo. Mwaka 1959, katika O Ilias tou 16ou, Kostas Hatzihristos anaigiza mwizi anayevaa sare ya polisi na mara moja watu wanamtii. Mwaka 1963 huyohuyo anavaa aproni ya msaidizi wa duka la vyakula, na kila mtu anajiona ana haki ya kumwamrisha. Sare, aproni, koti: vazi la mwanamume linasema anatawala nani na anatawaliwa na nani. Vazi la mwanamke linasema ametazamwaje. Aliki Vougiouklaki, nyota mpendwa kuliko wote wa zama zile, alipovaa sare ya baharia mwaka 1961 katika I Aliki sto naftiko, kichekesho chote kilitokana na kuvuka mpaka huo. Msichana ndani ya sare hakupata mamlaka ya sare. Alizidi kupendeza tu.

Mpaka huohuo unajaribiwa kwa uzito zaidi mwaka 1964, katika Despoinis diefthyntis, yaani Bi Mkurugenzi, iliyoongozwa na Dinos Dimopoulos kutoka kwenye maandishi ya Asimakis Gialamas na Kostas Pretenteris. Tzeni Karezi ni Lila Vasiliou, mhandisi ambaye anapewa ukurugenzi ofisini, juu ya wanaume. Kazi anaijua. Anavaa suti za kubana shingo, miwani, nywele zimefungwa. Halafu anampenda mmoja wa watu walio chini yake, aliyeigizwa na Alekos Alexandrakis, na ghafla elimu yake yote haimsaidii, kwa sababu hajui kuvaa, hajui kucheza dansi, hajui kuzungumza na mwanamume isipokuwa juu ya kazi.

Filamu hii naipenda na inaniuma. Naipenda kwa sababu Karezi anamfanya Lila kuwa mtu kamili. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba yeye ni mhandisi wa bandia. Ugiriki ya 1964 ilikuwa imemkubali mwanamke mwenye digrii kwenye pazia, na wasichana waliokuwa wakisomea vyuo vikuu walimwona. Inaniuma kwa sababu ya kazi ambayo nguo zimepewa. Suti na miwani vimewekwa upande wa akili, gauni na vipodozi vikawekwa upande wa mapenzi, na mwanamke akasimamishwa katikati achague. Hakuna mhandisi wa kiume katika filamu ile ambaye lazima avue koti lake la kazi ili apendwe. Kinachoitwa kumrudishia Lila uanamke wake ni kumfundisha Lila kuvaa. Kalliopi aliwavisha wasichana wasiokuwa na kitu ili wapate pa kuanzia. Hapa anayevishwa tayari ana cheo, na kumvisha kunaelekea kumpunguza.

Ndipo tunafika Paris.

Kila nchi iliyo pembeni ya Ulaya ina mji ambao unaitwa kila mtu anapotaka kusema kwamba kitu ni kizuri. Kwa Wagiriki wa mjini ulikuwa Paris. Mwaka 1969 Finos Film ilitoa I Pariziana, Mwanamke wa Paris, kichekesho cha rangi kinachohusu ulimwengu wa mitindo, kilichoongozwa na Giannis Dalianidis na kuchezwa na Rena Vlahopoulou. Wawili hawa wanaeleza mengi kwa historia zao tu. Dalianidis alitoka Thessaloniki na alikuwa mchezaji dansi kabla ya kuongoza filamu. Kwake rangi, mwendo na kitambaa vilikuja kabla ya maneno. Vlahopoulou alizaliwa Corfu, akaanza kama mwimbaji, mmoja wa wa kwanza kuimba jazi Ugiriki. Sauti yake ilikuwa ya chini kidogo, yenye nguvu, ya mwanamke wa sokoni anayejua bei. Mweke mtu huyo katikati ya hariri na adabu za Kifaransa, na tayari una kichekesho kabla hajafumbua mdomo. Mwili wake ulikataa kuwa Paris. Watazamaji walimpenda kwa hilo, maana nao walikuwa wamevaa mitindo ya mbali juu ya miili iliyokulia kwenye mizeituni.

Paris hiyo ilikuwa na siri ambayo ni nzuri kuliko kisa chochote cha kubuni. Mmoja wa wabunifu wakubwa wa mavazi jijini Paris baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliitwa Jean Dessès. Jina la Kifaransa, duka la Paris, wateja wa kifalme. Lakini alizaliwa Alexandria, Misri, mwaka 1904, na wazazi wake walikuwa Wagiriki. Alisifika kwa magauni ya kitambaa chepesi kilichokunjwa na kuangukia mwilini kama mavazi ya sanamu za kale za Ugiriki. Binti mfalme Sophia wa Ugiriki alipoolewa Athens mwaka 1962, gauni lake la harusi lilikuwa la Dessès. Yaani mikunjo ya sanamu zilizosimama Athens tangu zamani ilibidi isafiri mpaka Paris, ipewe lebo ya Kifaransa, ndipo irudi Athens kuvaliwa kanisani. Baada yake vijana kama Yannis Tseklenis, aliyezaliwa mwaka 1937, walichapa michoro ya vyungu vya kale moja kwa moja kwenye vitambaa na kuviuza kwa jina lao wenyewe, kutokea Athens. Vichekesho vya mitindo vimesimama katikati ya hali hizi mbili: aibu ya kuwa Mgiriki mbele ya Paris, na hamu ya kuonyesha kwamba Mgiriki anaweza.

Mwaka 1969, filamu hiyo ilipotoka, nao una maana. Tarehe 21 Aprili 1967 makanali walikuwa wametwaa serikali. Kiongozi wao, Georgios Papadopoulos, alipenda kuilinganisha nchi na mgonjwa aliyefungwa plasta, na yeye ndiye daktari. Harilaos Bardas wa 1957, yule baba aliyetaka kila mtu nyumbani akae kimya kwa faida yake mwenyewe, safari hii alikuwa na vifaru. Mwaka uleule wa 1969 mwongozaji mzaliwa wa Ugiriki aliyekuwa akiishi Ufaransa, Costa-Gavras, alitoa filamu ya Z, juu ya mauaji ya mbunge wa Kigiriki. Inamalizika kwa orodha ya vitu vilivyopigwa marufuku na wanajeshi, na kati yake zimo nywele ndefu za wanaume na sketi fupi.

Sketi hizohizo zimejaa kwenye vichekesho vya rangi vilivyotengenezwa Athens chini ya utawala huohuo. Kitendawili hiki kimewachanganya wengi, na jibu lake limo kwenye biashara niliyoitaja juu. Makanali walimkaripia msichana wa shule kwa urefu wa sketi yake, kwa kuwa msichana huyo alikuwa mwananchi na wao walitaka wananchi watiifu. Sketi ya kwenye pazia ilikuwa starehe. Ilionyesha nchi yenye furaha, inayonunua, inayopokea watalii. Mradi mwisho wa kisa kila mtu amerudi mahali pake, goti lilikuwa halina siasa. Sidhani Dalianidis na wenzake walikuwa vibaraka. Walikuwa wakitengeneza walichokijua tangu kabla ya 1967. Lakini kile walichokijua kiliwafaa watawala bila kuhitaji kubadilishwa sana, na hilo ni jambo la kulifikiria.

Kuna mtu mmoja ambaye ningependa kumwona zaidi katika filamu hizi zote: mshonaji. Wagiriki humwita modistra. Kabla ya nguo za dukani kuenea, kila mtaa wa Athens ulikuwa na mwanamke mwenye cherehani chumbani, na mteja alikuja na kitambaa chake pamoja na jarida la mishono, figourini, akaonyesha kwa kidole: hivi, lakini kola iwe ndogo. Filamu yenyewe iligeuka figourini. Gauni alilovaa nyota kwenye pazia liliweza kuombwa kwa fundi wa mtaani kwa kumbukumbu tu. Na sinema ilifika kila mahali. Mwaka 1968 ziliuzwa tiketi zipatazo milioni 137 katika nchi ya watu wasiofika milioni tisa, nyingi katika majumba ya wazi ya kiangazi, ambako watu walikaa kwenye viti vya mbao wakitazama chini ya nyota. Nyuma ya kila mshono ulionakiliwa kulikuwa na mwanamke aliyekesha kwa malipo madogo. Vichekesho vilimtumia, vikamwimba mara nyingine kama msichana mchangamfu, lakini mikono yake kazini, mgongo wake, deni la uzi na vifungo, havikupewa muda. Mabinti wa Harilaos wanatokea roshani wakiwa wamevaa upya. Kati ya kufikiri na kuvaa, kazi imetoweka.

Wengine wametoweka pia. Hakuna mfungwa wa kisiasa katika filamu hizi, wala mke anayemsubiri. Hakuna aliyenyimwa cheti cha fikra safi. Maskini wapo, tena wanapendwa, ila umaskini wao ni wa muda: unasubiri harusi, bahati nasibu au jamaa mwenye dola. Kuanzia mwaka 1960, baada ya mkataba na Ujerumani Magharibi, Wagiriki kwa maelfu walipanda treni kwenda kufanya kazi viwandani, wanawake wakiwemo. Vichekesho viliendelea kumleta jamaa kutoka Marekani na masanduku yake, wakati stesheni zilikuwa zimejaa watu wanaoondoka na masanduku yao.

Televisheni ilianza Ugiriki mwaka 1966 na ndani ya miaka kumi ikayafunga majumba mengi ya sinema. Filopoimin Finos, aliyeianzisha kampuni yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alifariki mwaka 1977. Televisheni hiyohiyo ndiyo iliyoziokoa filamu zake, kwa kuzirudia na kuzirudia, hata watu waliozaliwa baada yake wakajua maneno ya Kalliopi kwa moyo.

Mwaka 1983 bunge la Ugiriki lilibadilisha sheria ya familia. Proika ilifutwa, na mume akaacha kuwa kichwa cha familia kwa mujibu wa sheria. Zilikuwa zimepita miaka 26 tangu shangazi aingie na masanduku yake nyumbani kwa Harilaos. Georgia Vasileiadou alikuwa amefariki mwaka 1980.